Kwa Mkapa: Lakini Tutalala Wapi?

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapo Bonga. Jioni mmekaa kando ya lami, mabasi ya Dodoma yanapita, na nyie mnabonga. Mmoja anasema, "Mwaka huu lazima twende Simba Day." Mwingine, ambaye ni Yanga damu, anadakia, "Simba Day ndiyo nini? Twende Wiki ya Mwananchi!" Ubishi unapamba moto. Jezi zinatajwa, wachezaji wanatajwa, nauli inapigiwa hesabu za haraka haraka. Kitu kimoja hakitajwi kabisa: usiku ukiingia, mtalala wapi?

Tumeandika somo hili kwa ajili ya hilo swali. Wakubwa wengi wakisikia mwanafunzi anataka kwenda Dar es Salaam kwa sababu ya mpira wanajibu hapana na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tunaona afadhali tuongee, kwa sababu wapo wanaoaga kwamba wanakwenda kwa shangazi Dodoma, kumbe wako ndani ya basi la mashabiki wanaimba.

Ni sherehe ya namna gani?

Kama hujawahi kuifuatilia, iko hivi. Msimu mpya wa ligi unapokaribia, klabu zetu mbili kubwa huwaita mashabiki wao Dar. Simba walianza Simba Day mwaka 2009. Yanga wakaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Muziki unapigwa tangu mchana, mashabiki wanavaa jezi mpya, wachezaji wanaitwa mmoja mmoja kuingia uwanjani huku watu wakishangilia hadi sauti zinakauka, halafu jioni inachezwa mechi ya kirafiki na timu kutoka nje. Mwaka 2025, kwa mfano, Simba waliwaita Gor Mahia wa Kenya. Yote haya hufanyika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000. Wengi bado wanauita Taifa, vijana wanasema "kwa Mkapa".

Watu wanatoka Mtwara, Kigoma, Bukoba, Mbeya. Kwa siku mbili tatu vyumba vya bei ndogo upande wa Temeke na Kariakoo hujaa. Ukifika saa tatu usiku na begi mgongoni ukidhani utapata gesti kama unavyopata Babati mjini, utashangaa.

Kwanza tarehe

Zamani ilikuwa rahisi kukumbuka: Simba Day ni Nane Nane. Siku hizi tarehe inahama. Mwaka 2024 Simba walifanya Agosti 3, siku ya Jumamosi, na Yanga wakafuata Jumapili yake. Mwaka 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa hapa nchini Agosti, sherehe zikasogezwa: Simba Septemba 10, Jumatano, na Yanga Septemba 12, Ijumaa. Hizo ni siku za shule. Kwa hiyo usitoe hela ya nauli wala ya chumba kabla klabu yenyewe haijatangaza siku. Na ikiangukia katikati ya wiki, ubishi uishe hapo: angalia kwenye runinga. Safari ya Bonga hadi Dar na kurudi inakula siku tatu za masomo, na adhabu ya utoro unaijua.

Safari yenyewe

Bonga mna bahati ya barabara. Wazee watakusimulia jinsi basi lilivyokuwa likilala njiani kati ya Kondoa na Babati wakati wa masika. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na kijiji chenu kimeandikwa ndani yake: kipande cha Mela hadi Bonga ni kilomita 88.8, na kutoka Bonga kuingia Babati ni kilomita 19.2. Ndiyo barabara kuu ya kaskazini, ile ambayo Waingereza waliota kuitoa Cape Town hadi Cairo.

Ukifika Dodoma una njia mbili. Unaweza kuendelea na basi kupitia Morogoro hadi stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Au unapanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024. Basi la moja kwa moja ni rahisi kwa sababu hubadilishi chombo. Treni ni ya haraka na inakushusha katikati ya mji, ila uwe umekata tiketi mapema, uwe na kitambulisho, na ujiachie muda wa kutosha kati ya kushuka basi na kupanda treni. Ipo pia njia ya kuzungukia Arusha, Moshi na Segera. Ni ndefu zaidi, na tunaitaja kwa ajili ya wale wenye ndugu Arusha.

Halafu kuna basi la tawi. Matawi ya mashabiki hukodi basi, watu wanachanga, wanaondoka usiku, wanafika asubuhi, mechi ikiisha wanapanda tena na kurudi. Kwa maneno mengine, hakuna kulala Dar kabisa. Kwa mwanafunzi mwenye mzazi au mwalimu ndani ya basi hilo, hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote. Mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa karibu miaka thelathini na yakaruhusiwa tena mwaka 2023, kwa hiyo kusafiri usiku si kosa. La kuuliza ni dereva: wako wangapi? Dereva aliyeendesha usiku kucha, akashinda uwanjani akiruka na nyie, halafu anashika usukani tena saa nne usiku, huyo ni hatari kuliko mbu wote wa Dar. Uliza kabla ya kuchanga. Wakikucheka, waache wacheke.

Kitanda ni cha nani?

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Soma polepole hapa.

Chukua mfano huu. Wasichana wawili na mvulana mmoja wamefika Dar na nauli ya kwenda tu. Wamesikia kwamba "kule watu wa timu ni ndugu, hamuwezi kukosa pa kulala." Uwanjani wanakutana na kaka mmoja mcheshi, anawanunulia maji, soda, chipsi. Mechi inaisha saa tatu usiku. Daladala zimejaa. Yule kaka anasema, "Msihangaike, mimi nina chumba gesti pale Chang'ombe, mmoja wenu atalala kwangu, wengine tutawatafutia." Anamtazama msichana mmoja.

Hebu jiulize, yule msichana ana nafasi gani ya kusema hapana? Hana hela ya chumba. Hana hela ya kurudi. Ameshakunywa soda za mtu. Hajui aliposimama ni wapi. Hata simu ina chaji asilimia nne. Tunapowafundisha wasichana "sema hapana" huku hawana pa kwenda baada ya kuisema, tunawafundisha nusu ya somo. Hapana inahitaji mlango wa kutokea, na mlango huo ni vitu viwili: kitanda ulichokilipia mwenyewe, na nauli ya kurudi ambayo haijaguswa.

Kwa hiyo pangeni hela kinyume na mlivyozoea. Watu wengi huanza na kiingilio, wakaja kwenye jezi, wakaja kwenye nauli ya kwenda, halafu "mengine tutajua huko huko." Nyie anzeni na nauli ya kurudi. Kama inawezekana kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka. La sivyo, mwachie mzazi nyumbani hiyo hela ili akutumie kwa simu asubuhi ya kurudi. Fungu la pili ni kulala. La tatu ni chakula, maji na daladala. Kikibaki kitu, ndipo mzungumze habari za jezi. Kama mafungu mawili ya kwanza hayajatimia, bado hamjawa na safari, mna ndoto tu, na ndoto inaweza kusubiri mwaka ujao.

Na wavulana, msipige miluzi mkidhani haya ni ya wasichana. Mvulana wa miaka kumi na sita aliyelala kwa mtu asiyemjua anaweza kufanyiwa ukatili vile vile. Tofauti ni kwamba yeye huona aibu zaidi kusema, na wengi hawasemi kabisa.

Pa kulala pa kweli

Ndugu ndio chaguo la kwanza. Lakini ndugu wa kweli, ambaye mama au baba amempigia simu yeye mwenyewe, akamwambia mnakuja wangapi na mtaondoka lini. "Binamu yake rafiki yangu" si ndugu. Na hata kwa ndugu, uliza utalala chumba gani na nani. Si kosa la adabu kuuliza. Tunajua kwamba wanaowadhuru vijana mara nyingi ni watu wanaojulikana, wakiwemo wa nyumbani. Ukiona usiku mambo siyo, toka ukalale na watoto au na mama mwenye nyumba, na kesho piga simu nyumbani.

Chaguo la pili ni hosteli za taasisi. Msimbazi Center pale Ilala ni ya Kanisa Katoliki, na Luther House iko katikati ya mji. YWCA na YMCA nazo zimekuwa zikipokea wageni katikati ya mji kwa miaka mingi. Kundi likiongozwa na mwalimu linaweza pia kuomba bweni la shule au ukumbi wa msikiti au kanisa. Barua ya mkuu wa shule yenye mhuri inafungua milango ambayo hela haifungui! Ila piga simu wiki kadhaa kabla, uliza bei, uliza kama wanapokea wenye umri wenu, uliza geti linafungwa saa ngapi. Hilo la geti ni muhimu. Mechi inaweza kuisha saa tatu na nyie mkafika mlangoni saa tano.

Tatu ni gesti. Hapa tuseme ukweli: gesti nyingi zimekaa kibiashara ya aina nyingine, vyumba vinalipiwa kwa saa, baa iko chini, muziki hadi alfajiri. Nyingine ni safi na tulivu. Utazitofautishaje? Nenda mchana, na nenda na mtu mzima. Kijana aliye chini ya miaka 18 asiende gesti peke yake, wala mapokezi makini hawatampokea. Kuna kitabu cha wageni, unaandika jina, unakotoka, unakokwenda. Gesti isiyo na kitabu, au inayokwambia "usijali, usiandike," ondoka. Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Jaribu komeo kwa ndani. Funga mlango, kisha mwambie mwenzako aliye nje ausukume. Angalia dirisha kama lina nondo na wavu. Chandarua kiko wapi, kimetoboka? Maji yanatoka? Halafu omba risiti.

Chandarua hicho si pambo. Mtu wa Babati anaweza kusema mbu anawajua, Ziwa Babati liko pale. Sawa, lakini Dar kuna joto na unyevu, kuna malaria, na kumewahi kuwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mbu wa dengue anauma mchana, wakati wewe umevua fulana unaishangilia timu. Paka dawa ya mbu. Ukirudi Bonga, homa ikikushika ndani ya wiki mbili, nenda zahanati na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa Dar. Usinunue tu dawa dukani. Na kama unahisi ni dengue, usimeze aspirini wala diklofenaki, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu. Panado inatosha hadi upimwe.

Vipi kuhusu kulala stendi? Wapo wanaokesha Mbezi wakisubiri basi la alfajiri. Kama mmekwama kabisa, stendi yenye taa, askari na abiria wengine ni bora mara mia kuliko chumba cha mtu usiyemjua. Kaeni pamoja, karibu na kituo cha polisi cha stendi, mlale kwa zamu, mabegi yawe chini ya miguu.

Kuzunguka mjini

Dar si kubwa kama unavyotishwa, ukishajua pande zake. Mbezi Luis iko magharibi, kwenye Barabara ya Morogoro. Uwanja wa Mkapa uko kusini, upande wa Temeke, kati ya Barabara ya Mandela na Barabara ya Kilwa, ukiwa jirani na Uwanja wa Uhuru, ambao watu huuita Shamba la Bibi. Kwa hiyo ukitoka Mbezi unakuja Ubungo, unaingia Mandela kupitia Buguruni na Tazara. Ukitoka stesheni ya treni, huna haja ya kwenda Ubungo, unashika kusini moja kwa moja.

Daladala zimeandikwa ruti yake mbele na ubavuni. Usiamini mdomo wa konda peke yake, maana siku ya mechi kila gari "linapita Taifa". Muulize abiria aliyekaa, hasa mama mwenye kapu. Huyo hana sababu ya kukudanganya. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, na Barabara ya Kilwa nayo imejengewa njia zake. Uliza asubuhi ya siku hiyo yanatembea wapi na hadi saa ngapi, maana mambo hubadilika.

Bodaboda? Tukisema msipande mtapanda tu. Basi patana bei kabla, vaa kofia ngumu, na msikubali mishikaki, watu watatu pikipiki moja. Usiku kodini bajaji mkae wote pamoja. Na dereva akikuambia "ngoja nipitie njia ya mkato," mwambie asante, twende kwenye taa.

Simu na hela usiweke mfuko wa nyuma. Wezi wa siku hiyo nao wamevaa jezi, tena mpya kuliko yako. Gawa hela sehemu mbili, na namba tatu za simu ziandike kwenye karatasi: mzazi, mwenyeji wenu Dar, na kiongozi wa msafara. Simu ikiibwa, kichwa hakikumbuki namba hata moja. Tujaribu sasa hivi: taja namba ya mama bila kuangalia simu. Umeona?

Ndani ya uwanja

Tiketi hukatwa kwa mfumo wa kadi, N-Card, kwa hiyo asikuuzie mtu karatasi mtaani. Viti vya mzunguko ndivyo vya bei ya chini. Ingieni mapema.

Tuna sababu ya kusema mapema. Mei 28, 2023, kabla ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, watu walisongamana kuingia uwanja huo huo. Shabiki mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa. Mtu akibanwa kwenye msongamano anakosa nafasi ya kupanua kifua na kuvuta hewa, hata asipokanyagwa. Ukijikuta umebanwa, usisukume nyuma na usipige kelele za kumaliza pumzi. Inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi. Watu wakisogea, sogea nao, huku ukijivuta kidogo kidogo kwa mshazari kuelekea pembeni. Kitu kikianguka, hata kama ni simu, usiiname. Na chagueni mahali pa kukutana nje mkipoteana, mahali pasipohama. "Pale kwenye gari la matangazo" ni mahali pabaya, gari litaondoka.

Kunyweni maji hata kama hamsikii kiu. Pombe itakuwepo, na itatolewa bure na watu wakarimu. Chupa uliyopewa ikiwa imefunguliwa, iache. Kinywaji ulichokiacha ukaenda chooni, kihesabu kimekufa.

Kama limetokea

Tunaandika haya kwa sababu huenda wewe unayesoma, au rafiki yako, tayari umerudi na siri.

Ukilazimishwa kufanya mapenzi, kosa si lako. Si kwa sababu ulisafiri, si kwa sababu ulikunywa, si kwa sababu ulikubali kuingia chumbani. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanaume anayelala na mwanafunzi msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Na tangu mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Saa ndizo zina thamani hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, wahudumu huziita PEP, zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni bora. Zinamezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ni ya kuwahi, siku tatu za kwanza ndizo nzuri zaidi. Usioge, usifue nguo ulizovaa, zifunge kwenye mfuko wa karatasi, nenda hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke haiko mbali na uwanja. Kama umesharudi nyumbani, nenda hospitali ya Babati mjini. Saa 72 hazijaisha kwa sababu tu umevuka Dodoma. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, utapewa fomu ya PF3, lakini kama dawati liko mbali anza na matibabu. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, hailipiwi, unaweza kupiga hata kwa simu isiyo na salio. Polisi ni 112.

Na kama mlikubaliana lakini hamkutumia kondomu? Saa ni zile zile na dawa ni zile zile. Mhudumu akikukaripia, vumilia ukapate dawa. Au omba kuonana na mwingine.

Kwa nini tumerudi kwenye hela

Kuna msomaji atasema, mbona mmeongea sana habari za nauli, hili ni gazeti la afya. Ndiyo. Kondomu ni kinga, chandarua ni kinga, lakini vyote vinakuja baadaye. Mwenye tiketi ya kurudi mfukoni na ufunguo wa chumba chake anaweza kumwambia yule kaka mcheshi, "Asante kwa soda, kaka, sisi tunaondoka." Na akaondoka kweli.

Kazi ya kikundi

Kaeni wanne wanne, wasichana na wavulana mchanganyiko.

1. Nendeni stendi ya Babati mkaulize nauli ya sasa hadi Dodoma na hadi Dar. Pigeni simu mahali pawili pa kulala. Pangeni mafungu matatu kwa kila mtu. Inahitaji kuweka akiba shilingi ngapi kwa wiki kuanzia leo?

2. Mmoja awe yule kaka mcheshi, mwingine awe msichana, mwingine mvulana waliyekuja naye. Igizeni mazungumzo ya saa tatu usiku nje ya uwanja, mara ya kwanza bila hela ya kurudi, mara ya pili wakiwa nayo. Maneno gani yamebadilika? Yule mvulana alifanya nini mara ya kwanza?

3. Mzazi amekataa. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwake: mnakwenda na nani, mnalala wapi, mnarudi saa ngapi, nani wa kupigiwa simu. Kama kuna mstari mmeshindwa kuujaza, mwonyesheni mwalimu mstari huo kwanza.